Motokaa Kuukuu, Bei Mpya: Habari za Land Rover Yetu



Nyuma ya jiko la shule, kati ya rundo la kuni na ule mwembe ambao kila kidato kimeuchuma maembe kabla hayajaiva, ipo Land Rover. Haina magurudumu, imekalishwa juu ya magogo manne. Kuku wa majirani hutaga kwenye kiti cha dereva. Nimeambiwa kuwa vijana wa sasa huiita "Marehemu". Sisi tuliosoma hapo katika miaka ya 1990 tuliiita "Mia na Tisa", na hilo si jina la utani bali ndilo jina la aina yake: inchi 109 kutoka ekseli ya mbele hadi ekseli ya nyuma, yaani karibu meta 2 na sentimeta 77.

Mwaka jana alifika shuleni mnunuzi mmoja. Kabla yake walikuwa wamekwisha kupita wanunuzi wa chuma chakavu, ambao hupima kwa kilo na kutoa bei ya kilo. Huyu hakupima kitu. Aliingia chini ya gari na tochi, akakaa huko karibu nusu saa, akatoka na udongo mgongoni, akataja shilingi milioni 3. Mkuu wa shule, ambaye alikuwa akitafuta mtu wa kuliondoa tu ili apate mahali pa kujenga banda la kuni, alishtuka. Akafanya jambo la busara: hakuuza, bali aliuandikia umoja wetu kuuliza kulikoni. Kamati ikanisukumia mimi swali hilo, kwa kuwa Chuo Kikuu nilisoma historia, na kazi yangu serikalini imenikalisha mara kadhaa katika kamati za kufuta magari chakavu na kuyapeleka mnadani. Nami nakiri mapema kwamba katika kamati hizo nimekwisha kuweka sahihi yangu kwenye orodha zenye Land Rover za zamani zilizouzwa kwa bei ya mabati. Sikujua. Makala hii ni namna ya kujifunza baada ya kosa.

Tuanzie mbali kidogo. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya motokaa ya Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Waliyoibuni ni ndugu wawili wa kampuni ya Rover, Maurice na Spencer Wilks. Maurice alikuwa na shamba kisiwani Anglesey, huko Wales, na shambani humo alitumia jeep ya Wamarekani iliyobaki baada ya Vita Kuu ya Pili. Jeep ilipochakaa hakukuwa na kitu cha kushika nafasi yake, basi wakaamua kutengeneza chao. Chuma cha bati kilikuwa cha mgao Uingereza wakati ule, kwa hiyo bodi ikaundwa kwa aluminiamu, ambayo ilipatikana kwa urahisi zaidi. Ndiyo sababu hadi leo bodi ya gari letu haina kutu, ingawa imebonyea kama sufuria ya bwenini. Bei ya kwanza ilikuwa pauni 450. Wenyewe walidhani ni kazi ya miaka michache tu ya kuipitisha kampuni katika shida. Kumbe gari la milioni 1 lilitoka kiwandani mwaka 1976, na lile la mwisho la ukoo huo lilitoka Solihull tarehe 29 Januari 2016, jumla ikiwa zaidi ya milioni 2.

Wazee wa kusini watasema, na ni kweli, kwamba kubadili chombo kifanye kazi isiyokuwa yake hakukuanzia kwa Land Rover. Katika ule mpango wa karanga wa mwaka 1947, ambao Nachingwea inaukumbuka mpaka sasa, Waingereza walileta matrekta yaliyotokana na vifaru vya vita vya Sherman, vilivyobadilishwa na kiwanda cha Vickers na kuitwa Shervick. Mpango ulikufa mwaka 1951. Desturi ya kubadili ilibaki.

Kwetu Peramiho desturi hiyo ilikuta uwanja ulioandaliwa. Tangu misheni ilipoanzishwa mwaka 1898, na hata baada ya kuchomwa moto wakati wa vita vya Maji Maji na kujengwa upya, Wabenedikti walijenga karakana pamoja na kanisa na shule: seremala hapa, mhunzi pale, mtambo wa kuchapa vitabu kando. Kijana wa Kingoni au wa Kimatengo aliyepita katika karakana hizo alijua kusoma mchoro, kuchonga kipande cha chuma na kukichomelea. Katika nchi yenye barabara kama zilivyokuwa zetu, ujuzi huo ulikuwa mali kuliko gari lenyewe.

Nasema "zilivyokuwa" kwa makusudi, maana vijana wa leo hawatanielewa. Barabara ya lami kutoka Makambako hadi Songea ilijengwa katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Uingereza. Kabla ya hapo, safari ya kwenda Njombe wakati wa masika ilikuwa jambo la kuagana na ndugu. Ile ya Peramiho hadi Mbinga ilibaki ya udongo mwekundu hadi miaka ya 2010, ilipowekwa lami kwa fedha za Wamarekani za mpango wa Millennium Challenge. Sasa mtu huenda Mbinga akila karanga na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Siku zetu mvua ikinyesha, kilichofika Mbinga ni trekta, Land Rover, au mtu kwa miguu.

Kisha ikaja shida ya fedha za kigeni. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na katika miaka ya mwanzo ya 1980, spea zilikuwa adimu kama sabuni. Gari likikosa gasketi ya shilingi chache lilisimama miezi. Mwaka 1984 Serikali iliporuhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, pikapu za Kijapani zikaanza kuonekana kwa wingi, na baada ya miaka michache mabaki ya pikapu hizo yakaonekana kwa wingi vilevile kwenye mitaro. Fundi akawa na Land Rover isiyo na injini mkono mmoja, na injini ya Kijapani isiyo na gari mkono wa pili. Matokeo mnayajua.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa "Mia na Tisa". Ni ya toleo la tatu, lile lililotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Ilikuja na injini ya petroli ya lita 2 na robo, injini ya silinda nne, mvumilivu lakini mlevi wa mafuta. Injini hiyo ilikufa mlimani mwaka 1993, mwaka mmoja kabla sisi hatujaingia kidato cha kwanza, na mahali pake ikafungwa injini ya dizeli ya Nissan iliyotolewa kwenye pikapu iliyopinduka. Msidhani ni kazi ya kufungua nati na kufunga nati. Matundu ya injini ya Nissan hayaelekeani na ya gia boksi ya Land Rover, basi fundi alichonga bamba nene la chuma la kuziunganisha, akalitoboa kwa kupima na karatasi, akachomelea miguu mipya ya injini kwenye chasisi, akasogeza rejeta mbele. Nyuma akaongeza jani moja kwenye kila springi, akaweka mabenchi marefu na kenda ya bomba za maji ili turubai lisituangukie. Ilikuwa na sauti ya mashine ya kusaga. Ukiisikia kutoka bwenini ulijua kuwa mahindi yamefika.

Mvua za El Niño za mwisho wa 1997 na mwanzo wa 1998 ndizo zilizoipa heshima yake. Lori la chakula lilikwama mbali, na kwa majuma mawili Land Rover ilibeba mahindi na maharage kwa awamu, magunia machache kila safari, magurudumu yote manne yakivuta. Tulikula uji mwembamba lakini tulikula. Na katika muhula huohuo timu yetu ilikwenda kucheza Mbinga. Mwenzetu mmoja wa kidato cha tatu alivunjika paja. Akafungwa banzi, ikaamuliwa apelekwe hospitali ya Peramiho usiku uleule. Tulikuwa wanne nyuma, mimi nikiwa nimeshika mguu ili usicheze kila gari lilipoingia shimoni. Tuliondoka saa moja jioni tukafika karibu na alfajiri. Mara tatu tulishuka kusukuma, mara moja dereva alifunga kamba kwenye mti. Dereva wetu, Mungu amrehemu, hakusema neno njia nzima isipokuwa "Mshikeni." Mwenzetu alipona, anatembea, na amenithibitishia kwamba atakuwapo kwenye mkutano wetu. Yeye anataka gari lisiuzwe hata kwa milioni 30. Nimemwambia kwamba maoni yake nitayaandika, lakini si ushahidi wa bei.

Basi turudi kwenye bei. Kwa miaka mingi huko Ulaya motokaa ya zamani ilipata thamani kwa kutoguswa. Mnunuzi alitaka namba ya injini na namba ya chasisi zilingane na daftari la kiwanda, rangi iwe ileile, hata kitambaa cha kiti. Gari lililobadilishwa lilishuka bei. Kwa kipimo hicho Land Rover yetu na nyingi za Tanzania zilikuwa takataka, maana hakuna fundi wa Songea aliyewahi kuulizwa habari za kulinganisha namba.

Kilichogeuza mambo kina sababu kadhaa, na baadhi yake zinatuhusu sisi Waafrika Mashariki kuliko tunavyodhani. Mashindano ya Safari yalipoanzishwa mwaka 1953, kwa sherehe za kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na yaliwalazimisha watengenezaji kuyabadili magari yao: kuyainua, kuyakingia tumbo kwa bamba la chuma, kuyafunga mabomba mbele kwa ajili ya ng'ombe na swala. Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, alishinda mwaka 1966 na 1967 pamoja na Chris Rothwell kwa Peugeot 404. Mwaka 1978 kampuni ya Porsche ilileta magari ya 911 yaliyoinuliwa hata yakawa na nafasi ya sentimeta 28 kutoka ardhini, yakashika nafasi ya pili na ya nne. Mwaka 2003 yakaanza mashindano ya Safari ya magari ya zamani, kuadhimisha miaka 50. Huko gari la zamani lisilobadilishwa halifiki mbali, na mwaka 2011 Björn Waldegård, akiwa na umri wa miaka 68, alishinda kwa Porsche 911 ya namna hiyo. Matajiri walipoona picha, wakataka na wao magari ya mjini yenye umbo hilohilo. Porsche yenyewe mwaka 2022 ilitoa 911 iliyoinuliwa, ikaipa jina la Dakar, magari 2,500 tu. Shimo la barabara ya Afrika limekuwa urembo! Sina uhakika kama nicheke.

Kwa upande wa Land Rover, sababu ya kwanza ilikuwa kifo chake. Ilipojulikana kwamba utengenezaji utakoma, bei ikaanza kupanda. Gari lililotangazwa kuwa la milioni 2 lilipigwa mnada London Desemba 2015 kwa pauni 400,000. Baada ya hapo kiwanda chenyewe kikaingia katika biashara ya ufundi wa kale: mwaka 2018, kwa kuadhimisha miaka 70, kilichukua Defender kuukuu 150, kikazifunga injini ya V8 ya lita 5, gia za kujibadili zenyewe na breki kubwa, kikaziuza kuanzia pauni 150,000. Ndugu zangu, huko ni kutoa injini ya zamani na kutia nyingine yenye nguvu zaidi. Ni kazi ileile iliyofanywa nyuma ya jiko letu mwaka 1993.

Sababu nyingine ni sheria ya Marekani. Tangu mwaka 1988 sheria yao huzuia kuingizwa kwa gari ambalo halikutengenezwa kwa viwango vyao mpaka lifikishe miaka 25. Land Rover za Defender ziliuzwa huko rasmi miaka michache tu katika miaka ya 1990, kwa hiyo wenye hamu wakawa wanahesabu miaka ya magari ya nchi nyingine kama mtu anayengojea pensheni. Kila mwaka kundi jipya lilipotimiza miaka 25, wanunuzi walitawanyika kuyatafuta. Gari letu limekwisha kupita umri huo siku nyingi.

Sasa hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikulitegemea. Nilidhani kwamba kwa kuwa magari yaliyobadilishwa yamepanda bei, basi mabadiliko ya fundi wetu nayo yanahesabiwa. Hayahesabiwi. Mnunuzi alimwambia mkuu wa shule wazi kwamba injini ile ya Nissan tunaweza kubaki nayo, na mabenchi pia. Anachotaka ni bodi, chasisi na umri. Kinacholipiwa huko nje ni mabadiliko yenye jina la karakana maarufu na kitabu cha picha kinachoonyesha kila hatua. Bamba lililochongwa Peramiho kwa kupima na karatasi halina kitabu cha picha, hata kama lilibeba mahindi ya wavulana zaidi ya mia tatu katika El Niño. Mimi naona hilo ni dhuluma ndogo ya soko, lakini soko halisomi gazeti letu.

Chasisi inatakiwa kwa nini? Kwa sababu ya chumvi. Uingereza wakati wa baridi humwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, nayo hula chasisi ya chuma chini ya bodi ya aluminiamu. Sisi tuna matope, lakini hatuna chumvi. Tena hadi mwaka 2025 Waingereza walikuwa na sheria ya kuhesabu pointi kwa gari lililobadilishwa: chasisi ya asili pointi 5, springi 2, ekseli 2, gia boksi 2, stelingi 2, injini 1. Gari lililoshindwa kufikisha 8, pamoja na chasisi ya asili isiyokatwa, lilipoteza namba yake ya zamani. Angalieni kwamba injini, tuliyodhani ndiyo roho ya gari, ilikuwa na pointi 1 tu. Zile Land Rover za abiria zilizokatwa chasisi na kurefushwa ili zibebe watu ishirini hazikuweza kupita mlango huo. Yetu haikukatwa. Miguu ya injini ilichomelewa juu yake, jambo ambalo mkaguzi mkali angeweza kulihoji, lakini urefu wake ni uleule.

Na karatasi je? Mwaka 2014 serikali ya Marekani ilikamata Land Rover zipatazo 40 kwa siku moja katika majimbo mbalimbali, ikidai kwamba namba zilichezewa ili magari yaonekane ya zamani kuliko umri wao. Nyingi zilirudishwa baadaye, lakini tangu hapo mnunuzi mwenye akili huanza na karatasi, halafu ndipo atazame gari. Nilikwenda mwenyewe Peramiho mwezi wa Agosti. Nilisugua kwa msasa mguu wa chasisi unaoshika springi ya mbele upande wa kulia, na namba ikaonekana, nzima, bila alama ya kuguswa. Lakini kadi ya gari haipo. Katika jalada la shule nilikuta risiti za mafuta, barua ya kuomba tairi ya mwaka 1989, na daftari la safari lililoliwa na mchwa kuanzia ukurasa wa kumi. Hakuna kadi. Bila kadi, milioni 3 ni bei nzuri. Ikiwa na kadi, ni bei ya mtu anayejua kuwa muuzaji hajui. Milioni 3 ni karibu pauni 1,000 tu.

Hapa Tanzania kwenyewe watu wameanza kuamka. Oktoba 2024 mji wa Arusha ulifanya tamasha la Land Rover, lengo likiwa ni kuipita rekodi ya msafara wa magari 632 iliyowekwa Ujerumani mwaka 2018, na zilitoka mapori na vijiji Land Rover ambazo wengi walidhani zimekwisha kuoza. Zaidi ya moja ilikuwa na injini ya Kijapani, na hakuna aliyeona aibu.

Maoni yangu ni kwamba tusiuze mwaka huu. Fundi niliyekwenda naye aliikagua chasisi kwa nyundo, akakuta kutu mbaya kwenye boriti ya nyuma tu, ambayo hubadilishwa bila kukata mihimili mikuu. Kuifufua itembee, tena na injini yake ya Nissan, alikadiria gharama ambayo wanachama themanini tukichangia shilingi 60,000 kila mmoja tunaimaliza. Wapo wanaosema fedha hizo zinunue vitabu na vitanda, na wasidhaniwe kuwa ni wabaya, kwani bweni la pili kweli lina vitanda vibovu. Wengine wanataka tuuze kwa bei kubwa na vitanda vinunuliwe kwa faida hiyo. Jambo hili litaletwa mbele ya mkutano mkuu, nami nitasimama kulieleza kwa ufupi zaidi ya nilivyofanya hapa.

Lakini lolote mtakaloamua, kadi inatakiwa. Yeyote aliyefanya kazi ofisini, au aliyekuwa kiranja wa stoo kati ya 1990 na 1999, au ambaye baba yake alikuwa dereva, karani au mlinzi wa shule, na atazame kwenye masanduku ya nyumbani. Ni kadi ya zamani, ya kabla ya Mamlaka ya Mapato kuanza kazi mwaka 1996, na inaelekea imekunjwa ndani ya bahasha pamoja na karatasi za bima. Aje nayo kwenye mkutano, au amkabidhi mkuu wa shule.